Mpira wa Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Mimi si mtu wa kuandika. Daftari hili nimeagizwa na Anita, mtaalamu wa viungo aliyenikanda bega kwenye mashindano ya Kampala mwezi uliopita. Alisema mchezaji anayejiheshimu huandika kila siku ameumia wapi na ameumizwa na nini, ili mwili usimdanganye. Haya basi. Leo: kigimbi cha kushoto, alama mbili. Sababu: fremu ya raketi. Mkono wa kaka.

Jina langu ni Joash Obuya. Nina miaka ishirini na mitano, naishi Kabiria, na ni mtu wa 1,391 duniani katika tenisi ya wanaume. Watu wakisikia "duniani" hunipa kiti kizuri; wakisikia namba hunionea huruma. Lakini namba ni yangu. Inasimama juu ya pointi moja niliyoipata Mei mwaka jana, na pointi huishi mwaka mmoja tu. Ikifika tarehe kumi na mbili Mei kama sijapata nyingine, jina langu linatoka kwenye orodha. Pointi moja ni kushinda mechi moja ya droo kuu, yaani mashindano yenyewe baada ya mchujo. Nina nafasi mbili, mashindano ya Aprili na ya Mei, yote hapa Nairobi na yote katikati ya mvua. Sina kingine ninachokitaka maishani kwa sasa.

Kocha wangu ni kaka yangu Ogutu, aliyenizidi miaka kumi na mitatu. Baba alipokufa nilikuwa na miaka tisa. Ogutu alikuja nyumbani Ugunja, akanichukua pamoja na gunia la mahindi, akatushusha wote wawili hapa. Yeye ni maka katika klabu moja ya Ngong Road. Maka ni yule anayelipwa kucheza na mwanachama asiye na mwenzake. Wanachama huja na raketi za bei ya pikipiki, wanapiga mpira mahali popote, na kazi ya maka ni kuurudisha mpaka waridhike. Hapiti veranda ya mbele wala hanywi chai kwenye vikombe vyao. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini, na mkono wake wa kulia ndio uliotulisha, mimi na mkewe na binti yao Mercyline.

Jumatano, 5 Machi

Kilomita nane asubuhi hadi machinjioni Dagoretti na kurudi. Siumwi popote leo.

Jumamosi, 8 Machi

Tunafanya mazoezi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kabla wanachama hawajaamka, kwenye uwanja wa nyuma karibu na ua. Anayenipa mazoezi ni Wachira, ambaye mama yake ana duka la vifaa vya ujenzi pale Dagoretti Corner. Wachira alicheza mpaka chuo kikuu, sasa anauza misumari na hucheza kwa kupenda tu.

Leo mpira wake ulikuja mfupi, umekaa vizuri, kona ya kushoto iko wazi kama lango. Nikaupeleka katikati, pale pale aliposimama. Akaurudisha bila kuinua mguu, na pointi ikawa yake. Ogutu akaingia uwanjani. Huwa hapigi kelele, na hilo ndilo baya.

"Umempea nini?"

"Katikati."

"Nani alikuambia katikati? Kona iko wazi, wewe unampelekea mpira kama chai. Geuka."

Niligeuka. Namzidi kaka kichwa kizima, na ninaweza kumbeba begani hadi Kawangware, lakini akisema geuka nageuka. Tatu kwenye vigimbi, kwa ubavu wa fremu. Wachira aliangalia ua wakati wote, kisha akaokota mpira tukaendelea.

Jioni shemeji Veronicah, mke wa Ogutu, aliniwekea maji ya moto na chumvi kwenye beseni. "Shem, si umwambie tu utafute kocha mwingine?"

"Mwingine hanijui."

"Ni kweli. Huyu anakujua sana," akasema, akacheka kidogo, akaacha.

Kaka hajawahi kumwinulia Veronicah mkono, wala Mercyline. Ni mimi tu. Nimekuwa nikiona hiyo ni heshima, na sioni haya kuiandika.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeona kitu ambacho lazima nikiandike, maana nisipokiandika nitakuwa nimemsema kaka vibaya tu humu ndani.

Tulikuwa tunashuka kutoka klabu kwa miguu, saa nane mchana. Dagoretti Corner kulikuwa na kundi. Mwizi wa simu alikuwa chini, shati limechanika, damu imemwingia machoni, na mtu mmoja alikuwa tayari anaviringisha tairi kutoka kwa fundi. Mawe yalikuwa yanarushwa kwa mpangilio kabisa, huyu akitupa yule anangoja. Mimi nilisimama. Ogutu alinipa begi la raketi, akaingia katikati yao, akamwinamia yule mtu, akamshika mkanda, akaanza kumvuta.

"Wachaneni na yeye. Ameskia."

"Mzee, toka hapo ama tukuchome na yeye," mmoja akasema.

Jiwe lilimpata Ogutu begani. Rungu likampata mgongoni, nikasikia sauti yake, kama mtu anayepigapiga godoro. Hakuinua uso. Alimvuta yule mwizi mita kama thelathini mpaka kwenye mlango wa duka la dawa, akamsukuma ndani, akasimama mlangoni amekunja mikono. Watu walimtukana mpaka wakachoka, wakaenda kununua mahindi. Mimi bado nilikuwa nimeshika begi.

Nyumbani Veronicah alimfunga bega. Nikamuuliza kwa nini alijiingiza.

"Mtu hapigwi na watu wengi," alisema. "Anapigwa na mtu wake."

Nilimpenda kaka leo kuliko siku yoyote.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza. Uwanja umekuwa matope mekundu. Ogutu amenipeleka nyuma ya jengo la mawe Kabiria ambalo halijakamilika, nikapiga mipira mia tano ukutani. Mingi ilirudi hapo hapo niliposimama. Nikachapwa moja kwenye kifundo cha mkono, moja mgongoni.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Mia tano.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Mia sita, kwa sababu jana nilijibu kwa sauti ya juu.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika nimekaa wima kwa sababu siwezi kulala upande wowote.

Nilipita mchujo, mechi mbili, bila shida. Jana mechi ya droo kuu, dhidi ya kijana wa Misri mwenye miaka kumi na tisa. Ndiyo mechi yenyewe. Seti ya kwanza yangu, ya pili yake, ya tatu nikamkimbia mpaka tano kwa mbili. Nilibakisha gemu moja. Kisha wingu likatoka upande wa Ngong likatumwagikia, mwamuzi akashuka kwenye kiti chake, tukaambiwa kesho.

Leo asubuhi jua liliwaka kama halijui lilichofanya. Nikapoteza gemu tano mfululizo. Si kwamba yule kijana alicheza vizuri. Alikuwa anatetemeka, nilimwona. Kila alipokosea akanipa mpira mfupi, mimi nilimrudishia katikati, taratibu, mpaka akaacha kutetemeka. Saba kwa tano.

Mashindano yanachezwa kwenye klabu yake, na Ogutu alinisubiri kwenye stoo ya nyavu, nyuma ya choo cha wafanyakazi. Akafunga mlango kwa komeo. Alichukua mpini wa brashi ya kufagilia uwanja, akaung'oa kwenye brashi.

"Ngapi?" aliniuliza.

"Tano."

"Taja moja moja."

Nikasema gemu ya nane, sevisi yangu ilivunjwa. Akapiga paja. Gemu ya tisa, sikugusa mpira. Paja lingine. Ya kumi, dabo folti mbili, yaani sevisi nne zilizokosea. Mgongo. Ya kumi na moja nilisahau, nikasema sikumbuki, akaniambia kumbuka, nikakumbuka, mgongo. Ya kumi na mbili nilikuwa na nafasi ya kurudisha mambo na mpira ulikuwa juu, wa kumalizia, na mimi nikaupeleka kwa yule kijana mwenyewe. Hapo alipiga ubavu, na kitu ndani kikasema tak. Nilianguka juu ya nyavu. Zinanuka panya. Nilikaa hapo nikivuta pumzi robo robo, na yeye alikaa juu ya ndoo ya chokaa ameinamisha kichwa, akihema kama ndiye aliyepigwa.

"Ulikuwa naye mkononi, Joash," alisema. "Mkononi."

Hakuna kitu kilichoniuma kuliko kwamba alisema kweli.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kaka alitoka asubuhi kwenda Dagoretti kununua maini, akayapika mwenyewe kwa kitunguu kingi, jambo ambalo halifanyi mwaka mzima. Sahani yangu ilijaa kuliko yake. Tukala. Hiyo ndiyo pole yake. Zamani ilikuwa inanitosha.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemvunja Wachira jino.

Aliupandisha mpira juu, mrefu, mzuri wa kusmashi, kuupiga chini kwa nguvu. Alikuwa amesimama karibu na wavu, ameshusha raketi, anacheka kwa jambo alilokuwa ameniambia. Nilikuwa na uwanja mzima. Nikamlenga usoni. Sitaki kudanganya daftari: sikuteleza wala jua halikunipiga. Nilimwona mdomo, nikaupiga mpira kwa nguvu zangu zote pamoja na ubavu uliopasuka, na mpira ukafika. Alipiga magoti. Damu ilidondoka kwenye udongo mwekundu haikuonekana, ila kwenye mstari mweupe ilionekana vizuri sana. Aliokota jino akaliangalia kwenye kiganja.

Ogutu alikuwa kwenye ua. Aliangalia, akatikisa kichwa kidogo, akaenda kutafuta barafu.

Nilichosikia wakati ule kilikuwa utamu. Tangu asubuhi nimeuma mdomo wangu nikijaribu kuutoa utamu huo na hautoki.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilienda dukani kwa Wachira kuomba msamaha. Mama yake, Mama Muthoni, alinitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye umeng'oa kijana yangu jino?" Nikasema ni mimi. Alinionyesha mlango wa nyuma kwa kidole, hakunisalimu.

Wachira alikuwa amekaa juu ya mifuko ya simiti, shavu limevimba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Hakuniacha niyaseme.

"Manze, nilikuwa hapo nje ya stoo ile siku," alisema. "Nilisikia yote. Ningegonga mlango. Sikugonga. So tuko sawa."

"Hatuko sawa."

"Haya, hatuko sawa. Lakini wacha nikuambie kitu juu ya hiyo smash. Ndiyo mpira ya kwanza nimeona ukimaliza tangu tuwe watoto. Kwa mechi huwezi. Mtu akiwa chini, unampelekea mpira polepole, unamngoja asimame. Nilikuwa nafikiri ni uoga. Sio uoga, buda. Unacheza kama maka."

Nikamwambia arudie.

"Kama maka. Kama Ogutu na wale wazee wake. Hiyo mkono yako inatafuta mtu alipo, inampelekea. Ulifunzwa hivyo, na hakuna mahali pengine ulifunzwa."

Nilitoka nikatembea mpaka Kabiria nimeloa, na sikumbuki njia.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeenda klabu leo kumwangalia kaka akifanya kazi. Sijawahi kumwangalia, kwa sababu nimekuwa upande wake wa uwanja maisha yangu yote.

Alikuwa na Bwana Norman, mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye kampuni yake ya bima na magoti mabovu. Bwana Norman alipiga mpira hovyo kulia. Ogutu akaufikia, akausubiri ushuke, akaurudisha fohendi, hatua moja kutoka kwa mzee, urefu wa kiuno. Kushoto, vivyo hivyo. Alivyoinamisha kifundo cha mkono mwishoni, ule ulaini, nilihisi kwenye kifundo changu mwenyewe. Saa nzima mzee hakukimbia hatua tatu. Alitoka jasho kidogo la starehe, akampiga Ogutu mgongoni, akasema, "Kesho saa kumi, kama kawaida."

Na hapo nikakumbuka, waziwazi, wala sikuwa nimesahau, nilikuwa tu sijaiweka mahali pake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ogutu alikuwa ananisimamisha kando yake kurudisha mipira, ili wanachama wanizoee. Siku moja huyo huyo Bwana Norman alinipigia mpira mfupi nami nikaupitisha pembeni yake, safi, akabaki ameshangaa. Nilifurahi mpaka nikaruka. Ogutu alinipeleka kwenye ile stoo akanichapa mpaka nikajikojolea. Kila mpira ambao mwanachama alishindwa kuurudisha, fimbo. Miaka sita. Nilipofika kumi na minane nikashinda mashindano ya vijana, akageuza: kila mpira ambao mpinzani aliurudisha, fimbo.

Alinichapa mpaka kosa likaniingia, kisha akanichapa kwa kosa hilo hilo, na fimbo ya kwanza iliingia ndani zaidi kwa sababu nilikuwa mdogo. Namchukia. Naandika tena ili nione kama ni kweli. Namchukia. Ni kweli, na bado nilimngoja tukarudi nyumbani pamoja, nikambebea begi.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua usiku na mchana. Nimepewa nafasi ya kuingia droo kuu moja kwa moja kwa sababu ni mwenyeji. Jumanne.

Jumatano, 7 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio, halafu nitanyamaza.

Jana asubuhi Anita alikuwa kwenye chumba cha matibabu. Alinifunga ubavu kwa plasta pana. Aliona mgongo. Aliuliza nimeandika nini kwenye daftari, nikamwambia nimelisahau nyumbani. Akaongeza plasta.

Mpinzani alikuwa Mhindi mrefu anayetumia mkono wa kushoto. Nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza. Nilikuwa najiambia kabla ya kila mpira, pembeni, pembeni, pembeni, kwa sauti, mpaka mwamuzi akanitazama. Na mkono ulinisikia kwa saa mbili nzima. Tulifika seti ya tatu, sita kwa sita, taibreka, gemu ya kuamua. Nikafika sita kwa tano. Pointi moja, na hiyo pointi moja ni ile pointi moja.

Tulibadilishana mipira kumi na kitu. Kisha aliteleza kwenye udongo mbichi, akaanguka magoti yote mawili upande wa kushoto, raketi ikamtoka nusu. Mpira ulinijia mwepesi. Upande wote wa kulia ulikuwa mtupu, ungeweza kugeuza lori pale. Sikusema pembeni. Nilimwona mtu yuko chini, mkono ukampelekea, taratibu, urefu wa kiuno. Alikuwa amepiga magoti, lakini aliukinga mpira kwa raketi tu, ukanipita juu ya bega, ukadondoka kwenye mstari. Ikawa sita kwa sita, na mbili zilizofuata akazichukua: nane kwa sita.

Nilipeana mkono. Nilikunja taulo. Nikaenda kwenye stoo mwenyewe, bila kuitwa, nikamkuta amesimama na ule mpini.

"Geuka," alisema.

"Hapana."

Hakuamini amesikia nini. Nikamwambia yote. Kwamba ni yeye. Kwamba aliniharibu mkono nikiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu nilimpita Bwana Norman, na tangu hapo ananichapa kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Nilikuwa napiga kelele, na sikujali nani anasikia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, nadhani alikuwa hajawahi kuliwaza jambo hilo hata mara moja.

"Nilikufunza kula," alisema. "Mzee akishindwa, kesho anaitisha maka mwingine. Ungekula nini, Joash? Nilitaka ule."

Kisha akainua mpini, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Niliudaka hewani. Tulivutana. Ni mwepesi kaka yangu, sikuwa najua. Nilimnyang'anya, nikapiga mara moja, na pigo likampata kifundo cha mkono wa kulia alipokuwa anajikinga. Mfupa ulilia. Mkono ukaning'inia upande ambao mkono hauendi.

Ningeishia hapo ningesema nilijikinga. Ogutu aliutazama mkono wake. Kisha, polepole, aligeuka akanipa mgongo, akaelekea ukutani, akasimama wima, namna ile ile aliyonifundisha kusimama. Na mimi nikampiga. Vigimbi, mgongo, mgongo. La mwisho lilivunja mpini, kipande kikaruka kikagonga mabati. Hakutoa sauti. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

"Umemaliza?" aliuliza, bado ametazama ukuta.

Nikasema nimemaliza. Nikavua fulana yangu nikamfungia mkono shingoni, nikabeba begi lake na langu, tukapita mlango wa wafanyakazi kwenda hospitali. Daktari alipouliza, kaka alisema ameteleza kwenye uwanja mbichi. Mifupa miwili imevunjika, na mmoja umesagika. Watamtia chuma. Kushika kikombe atashika. Raketi, daktari alisema, asahau.

Alhamisi, 8 Mei

Veronicah hakunipiga, ingawa nilisimama karibu naye ili anipige akitaka.

"Miaka yote nakukanda miguu," alisema, "nilikuwa nasema kwa roho, siku moja huyu atarudisha. Nilikuwa naomba urudishe. Sasa umerudisha, na ni mkono wa chakula ya Mercyline." Alifunika uso kwa leso. "Sijui nilikuwa naomba nini, shem. Sijui."

Baba mdogo amepiga simu kutoka nyumbani. Sijui nani amemwambia. Kumpiga kaka aliyekulea ni kumpiga baba, alisema, na nisile chungu kimoja na Ogutu mpaka twende Ugunja wazee watusafishe. Kwa hiyo nakula nje, kwenye kibaraza, sahani imewekwa sakafuni. Mercyline ananiletea na hanitazami.

Jumatatu, 12 Mei

Orodha imetoka. Simo.

Jumatano, 14 Mei

Meneja wa klabu amempa Ogutu pole na siku tatu. Baada ya hapo nafasi itapewa mtu mwingine, na foleni ni ndefu. Ogutu aliniambia hayo akiwa kitandani, akitazama dari.

"Wanakujua," alisema. "Ukienda wewe, hawatatafuta mwingine. Nafasi inabaki ya nyumba hii."

Nilitoka nikakimbia mpaka machinjioni na kurudi, mara mbili, na ubavu ulinikata kila hatua, nikauacha unikate. Niliporudi nikafua fulana nyeupe.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeanza leo. Mlango wa wafanyakazi, saa tisa na nusu. Mvua ilikuwa imepumzika na uwanja umefagiwa kwa brashi yenye mpini mpya. Saa kumi akaja Bwana Norman na magoti yake.

Ogutu alikuwa amesisitiza kuja nami. Alikaa kwenye benchi nje ya ua, plasta imefunika mpaka kiwiko, koti limetupwa begani. Tulikwenda pamoja na tukarudi pamoja, lakini kila mmoja atakula peke yake mpaka mwisho wa mwezi tutakapokwenda nyumbani.

Mpira wa kwanza wa mzee ulikuja mfupi, upande wa kushoto, na yeye amebaki nyuma kabisa. Kila kitu kilikuwa wazi. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuupasua ule mpira. Nilitaka kumpita, nimwone ameduwaa, nitoke nilie barabarani. Nikafika, nikausubiri ushuke, nikampelekea hatua moja kutoka alipo, urefu wa kiuno. Akaurudisha, akacheka kwa furaha. Nikampelekea tena. Kulia, kushoto, kulia. Kifundo kililainika chenyewe. Sijawahi kucheza bila kukosea namna ile, kwenye mechi yoyote, nchi yoyote.

"Kijana, una mkono mzuri sana," Bwana Norman aliniita kutoka upande wake. "Saa hii hii kesho."

Tulipobadilisha upande nilipita karibu na benchi. Sikumtazama kaka. Nilijua anaangalia miguu yangu, kifundo, bega, kama ambavyo ameangalia kila siku kwa miaka kumi na sita, na vigimbi vyangu vilijikaza vyenyewe.

"Hapo sawa, Joash," alisema. "Hapo umecheza vizuri."

Hajawahi kuniambia hivyo, hata mara moja, hata siku niliyoshinda ile pointi. Nilimchukia, na nilitaka arudie. Nikachukua mipira miwili, mmoja nikautia mfukoni, na wa pili nikampelekea mzee, katikati.